Unga mkali, unga wa wastani au kahawa ya kijiweni: unywe nini kabla ya tizi?

Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alikuja na mfuko wenye makopo mawili ya unga wa kunywa kabla ya mazoezi, akayapanga juu ya benchi. "Kaka, hebu nisaidie, nichukue lipi?" Moja jeusi, lina fuvu na radi. Jingine la bluu, limeandikwa kistaarabu tu. Mwenye duka anafahamiana naye, kampa yote mawili hadi jioni, kisha arudishe moja. Nikamwambia lipo kopo la tatu ambalo hakulileta, na chaguo la nne linauzwa na mzee wa kahawa pale kona kwa shilingi mia mbili kikombe.

Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na hesabu ambazo siku ile nilizifanya kichwani kati ya seti na seti.

Tunalinganisha nini hasa

Watu wa jimu wanauita "pri": unga wa rangi kali unaochotwa kwa skupu, yaani kijiko kinachokuja ndani ya kopo, ukakorogwa kwenye maji na kunywewa nusu saa au zaidi kabla ya kushika vyuma. Lakini jina hilo moja limebeba vitu ambavyo havifanani. Ukisoma lebo badala ya picha, unapata makundi matatu, na kahawa ni la nne.

| | Mkali | Wastani | Usio na kafeini | Kahawa |
|---|---|---|---|---|
| Kafeini kwa mara moja | mg 300 hadi 400 | mg 150 hadi 200 | hakuna | mg 80 hadi 100 kwa kikombe kikubwa |
| Vichangamshi vingine | yohimbini, sinefrini na ndugu zao | mara nyingi hakuna | hakuna | hakuna |
| Mwasho wa ngozi | ndiyo | ndiyo | mara nyingi ndiyo | hapana |
| Tizi la jioni | usiku umekwenda | nusu skupu, kwa tahadhari | hauna neno | bora iwe mapema |
| Mwenye presha | hapana | amuone daktari kwanza | aulize kwanza | aulize kwanza |

Kwa mfano wa wastani, lebo ya unga wa C4 Original kwa miaka mingi ilionyesha mg 150 za kafeini kwa skupu, na Gold Standard Pre-Workout ya Optimum Nutrition mg 175. Kopo la bluu la kijana wangu lilikuwa la 175. Lile jeusi lilikuwa la 350, na chini yake mstari wa maandishi madogo nitakaourudia. Kampuni hubadilisha fomula na kuacha picha ileile, kwa hiyo lebo ya kopo lililo mkononi mwako ndiyo ya kufuata.

Kafeini ndiyo injini

Ukiondoa rangi, ladha ya tikiti na fuvu, kinachochangamsha ndani ya kopo karibu chote ni kafeini. Ubongoni kuna kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kadiri unavyokaa macho. Ina viti vyake vya kukalia, na ikishakaa unaanza kuona uzito. Kafeini inawahi vile viti. Uchovu haujaondoka, umesimama mlangoni unasubiri kiti kiwe wazi, na ndiyo maana saa kadhaa baadaye unaanguka kama gunia.

Kwamba inasaidia mazoezini hakuna ubishi, imechunguzwa kwa miaka mingi kuliko karibu kitu kingine chochote kinachouzwa kwenye makopo haya. Kiasi kinachosaidia ni mg 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, na wengine hupata faida hata kwa mg 2. Ukipanda hadi mg 9 kwa kilo, kinachoongezeka ni mikono kutetemeka, tumbo kuvurugika na moyo kwenda mbio. Nguvu haziongezeki.

Sasa tia hesabu. Chukua skupu ya mg 400. Mbeba vyuma wa kilo 95 anapata kama mg 4.2 kwa kila kilo yake, yumo ndani ya mstari. Dada wa kilo 55 anayechota kopo hilohilo anapata mg 7.3 kwa kilo, ameshauvuka. Kopo haliwajui. Ndiyo maana nikiulizwa "skupu ngapi?" nauliza kwanza una kilo ngapi, na wengi wananitazama kana kwamba nimeuliza mshahara.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia suala hili ikasema mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa hadi mg 200 kwa mkupuo mmoja na hadi mg 400 kwa siku nzima bila wasiwasi. Mjamzito asizidi 200 kwa siku. Kwa kipimo hicho skupu moja ya unga mkali ni mgao wa siku nzima uliomezwa kwa dakika mbili, na bado hujahesabu chai ya rangi ya asubuhi wala kinywaji cha kopo ulichopooza nacho mchana. Red Bull ya ml 250 peke yake ina mg 80.

Halafu kuna saa. Kafeini hufika kileleni kwenye damu kati ya dakika 30 na 60 baada ya kunywa, lakini haina haraka ya kuondoka: kwa mtu wa kawaida nusu yake bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Ukinywa mg 400 saa moja jioni, saa sita usiku umelala na mg 200 ndani ya damu yako, sawa na vikombe viwili vikubwa vya kahawa. Adhana ya alfajiri inakukuta na 100. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambao watu walipewa mg 400 saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Na hiyo "saa tano" ni wastani tu. Mvutaji sigara huiondoa kafeini haraka zaidi, mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo karibu mara mbili ya muda huo. Sijawahi kukuta muuzaji anayemwambia mteja hilo la mwisho.

Mimi nililijifunza kwa mwili. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikachota skupu nzima ya unga wa mg 350 saa moja na nusu usiku, siku ya miguu. Tizi lilikwenda vizuri mno, sikatai. Saa nane usiku nilikuwa chali natazama feni, nasikia moyo sikioni nikilalia kushoto, na nikilalia kulia bado nausikia. Asubuhi nikanywa tena nusu skupu ili niamke. Siku ya tatu sikuweza kunyanyua uzito niliokuwa nikiuzoea tangu mwaka uliotangulia. Nikadhani kopo limeisha nguvu, nikaongeza kipimo. Mwezi mzima ulipita kabla sijagundua kwamba nilikuwa nanunua kwa elfu nne kila jioni nguvu ambazo usingizi ungenipa bure.

Mwili nao huzoea. Anayekunywa kila siku, baada ya wiki chache anakunywa ili awe kama alivyokuwa zamani kabla hajaanza. Akiacha ghafla anapata kichwa cha kugonga kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo kopo linalodumu ni lile unalolifungua kwa siku nzito tu.

Kinachowasha na kinachofanya kazi

Hapa ndipo makopo yanapotuchezea zaidi.

Dakika kumi na tano baada ya kunywa, masikio yanaanza kuchonyota, kisha shingo, kisha viganja, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Watu hujikuna na kutabasamu: "Imeshapanda!" Hiyo si kafeini. Ni beta-alanini, ambayo inagusa mishipa ya fahamu ya ngozi. Mchonyoto huo hauna madhara, na pia hauna uhusiano na nguvu zako za leo. Beta-alanini hufanya kazi kwa kujazwa: gramu 3.2 hadi 6.4 kila siku kwa wiki nne au zaidi, mpaka misuli iongeze akiba yake ya kanosini, ambayo hupunguza makali ya asidi ndani ya msuli. Na inasaidia juhudi za dakika moja hadi nne, kama kukimbia mita 800 au kupiga kasia. Seti yako ya benchi ya marudio manane inaisha kwa nusu dakika. Kwa hiyo ile gramu moja na nusu unayokunywa mara tatu kwa wiki inakuwasha tu, na kampuni zinajua kwamba mteja aliyewashwa anarudi.

Kreatini iko kinyume kabisa. Huihisi. Hakuna mwasho, hakuna moyo kudunda, inakorogeka kama mchanga na haina ladha. Lakini gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, ukishiba au ukiwa na njaa, huongeza nguvu kweli kwa watu wengi, na huo ni ushahidi wa miongo. Makopo mengi ya pri yanatia gramu moja au mbili ili neno "kreatini" lionekane mbele. Inunue peke yake. Mfuko wake unakaa miezi.

Sitrulini ndiyo inayoleta ule mvimbo wa misuli, mishipa kusimama, shati kubana. Jina lake limetoka kwa tikiti maji, tunda ambamo iligunduliwa mara ya kwanza. Kipimo kilichotumika katika tafiti nyingi ni gramu 6 hadi 8 za sitrulini-malati, kama saa moja kabla. Baadhi ya tafiti ziliona marudio ya ziada, nyingine hazikuona kitu. Mimi naiweka kwenye kundi la "haina ubaya". Ila ukikuta kopo limeandika sitrulini mg 750, jua umewekewa jina tu. Usije ukakimbilia tikiti lenyewe kama mbadala, utahitaji kula kilo kadhaa, na skwati zenye tumbo la namna hiyo nakuachia mwenyewe.

Mstari wa maandishi madogo

Kilichofanya kopo jeusi liitwe kali hakikuwa kafeini tu. Nyuma paliandikwa "mchanganyiko maalumu", jumla miligramu kadhaa, na chini yake majina saba bila kiasi cha kila kimoja. Mchezo huu ni halali Marekani, ambako makopo mengi yanatoka. Sheria yao ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho vya ziada kuingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza kama dawa, na inaruhusu kuandika jumla ya mchanganyiko bila kufafanua. Kwa unga wa pilipili manga ningevumilia. Kwa kitu kinachosukuma moyo, hapana.

Katika majina yale saba palikuwa na yohimbini. Inatoka kwenye magamba ya mti unaoota Kamerun, Gabon na Kongo, magamba yaliyotumika tangu zamani kama dawa ya nguvu za kiume. Inazuia breki ya mfumo wa hofu mwilini: noradrenalini inamwagika, presha inapanda, jasho baridi linatoka, na mtu mwenye wasiwasi wa asili anaweza kujikuta ameshika ukuta wa bafuni akidhani anakufa. Ukichanganya na dawa za presha au za sonona ni hatari zaidi. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku magamba hayo kwenye vyakula na virutubisho mwaka 2019. Pamoja na mg 350 za kafeini, ile "nguvu" unayoisikia kwa sehemu kubwa ni hofu bila simba.

Jina jingine lilikuwa sinefrini, inayotolewa kwenye maganda ya danzi bichi. Ilipata soko baada ya Marekani kuipiga marufuku efedra mwaka 2004, kufuatia vifo vya watumiaji. Peke yake ni ya upole kuliko efedra. Shida ni kwamba haiwekwi peke yake.

Na kuna lile ambalo ukilikuta unafunga kopo: DMAA. Historia yake inafundisha jinsi soko hili linavyokwenda. Kampuni ya dawa ya Eli Lilly iliitengeneza miaka ya 1940 kama dawa ya kufungua pua, ikaondolewa sokoni mwaka 1983. Katikati ya miaka ya 2000 ikarudi ndani ya makopo ya mazoezi, ikidaiwa kuwa ya asili, ya ua la jeraniamu. Unga wa Jack3d ndio ulioipa umaarufu. Aprili 2012, katika mbio za marathoni za London, mwanadada wa miaka 30 alianguka akiwa karibu na mwisho na kufariki. Uchunguzi wa kifo chake ulisema DMAA aliyoinywa ilichangia. Mwaka huohuo Uingereza iliuzuia unga huo na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaanza kuziandikia kampuni barua za onyo. Bado utaikuta mtandaoni, kwenye lebo ikijificha kama methylhexaneamine au 1,3-dimethylamylamine. Mdogo wake, DMHA, alipewa onyo la aina hiyo mwaka 2019.

DMAA wanamichezo wanaijua vizuri zaidi. Januari 2017 Usain Bolt alinyang'anywa medali ya dhahabu ya kupokezana vijiti ya Beijing 2008, si kwa kosa lake, bali kwa sababu sampuli ya mwenzake Nesta Carter ilipopimwa upya ilikutwa na dutu hiyohiyo. Miaka tisa, watu wanne, medali moja. Kwa hiyo kama unakimbia, unacheza ngumi au mpira kwa kulipwa, jibu langu ni fupi: unga mkali usiuguse. Kafeini yenyewe ilitoka kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, mwaka 2004 na inafuatiliwa tu, lakini kanuni zinamhesabu mwanamichezo kuwa ndiye mwenye dhamana ya kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama aliyekosea ni mwenye kiwanda. Ukilazimika kutumia kopo, tafuta lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, ambazo maana yake bidhaa imepimwa na maabara ya nje.

Nitie neno la pembeni hapa kwa ndugu zangu wa upande wa pili wa mpaka. Nimewaona vijana wanaokunywa pri na miraa iko shavuni. Huku kwetu mirungi ni kosa la jinai, kwa Wakenya ni zao halali, lakini moyo hausomi sheria. Kathinoni ya kwenye miraa ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Kuichanganya na kafeini nyingi na yohimbini ni kama wapanda pikipiki watatu wanaovuta mafuta ya pikipiki moja. Na kathinoni imo kwenye orodha ya marufuku ya WADA.

Kopo la tatu, lile ambalo hakulileta

Unga usio na kafeini hauna mashabiki, kwa sababu haupigi. Ndani yake mara nyingi kuna sitrulini ya kutosha, beta-alanini, betaini, wakati mwingine gliseroli na dondoo la kiazi chekundu cha bitiruti. Kwa anayefanya tizi saa mbili usiku baada ya foleni ya kutoka kazini, ni chaguo la akili. Utapata mvimbo, utapata ladha, na saa nne na nusu utakuwa umelala.

Dosari yake kwetu watu wa pwani ni moja na ni ya kuudhi. Gliseroli inanyonya unyevu kama sponji. Kopo langu lilidumu wiki tatu kabla halijageuka jiwe, nikawa navunja kwa uma. Kile kifuko kidogo kinachokuja ndani usikitupe, na skupu yenye maji usiirudishe.

Mzee wa kona

Kahawa ya kijiweni, ile ya dele na vikombe vidogo visivyo na mikono, sijui kwa nini haiingii kwenye mazungumzo haya. Wahaya walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, wakampa mgeni na wakaenda nazo safari, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuchora fuvu juu ya kopo. Buni ile ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Ukipata kahawa ya Bukoba iliyochemka sawasawa, vikombe vitatu na kipande cha kashata vitakupeleka benchi bila ubishi.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kujua kiasi. Leo mzee kachemsha sana, kesho kaongeza maji. Kwa anayetaka hesabu, kahawa ya unga ya nyumbani ni rahisi zaidi kurudia kipimo kilekile, na kahawa haina namna ya kukupiga mg 400 bila wewe kuona vikombe vinavyopangana mbele yako. Uzuri mwingine siusemi kwa sauti: inakukumbusha kwenda chooni kabla ya skwati, si katikati yake.

Kitu cha kuogopa ni wale wanaoamua kukata gharama na kuagiza unga wa kafeini tupu. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, kwa hesabu ya mamlaka ya Marekani, ambayo mwaka 2018 ilitoa mwongozo wa kuuzuia usiuzwe kwa wingi kwa watu wa kawaida. Mwaka 2021 huko Wales mkufunzi wa mazoezi alifariki kwa sababu mizani yake haikuweza kupima kiasi kidogo alichokikusudia.

Mizani, kwa kweli, ni hadithi hata kwa skupu ya kawaida. Nilipeleka kopo langu kwa fundi wa vito ninayefahamiana naye, mwenye kimizani cha dhahabu. Lebo ilisema gramu 10. Skupu niliyoisawazisha kwa kisu ilitoka 9.8. Skupu ya kilima, namna ninavyochota nikiwa na haraka, ilitoka 12.6, robo nzima zaidi. Ongeza hapo kwamba unga uliotikiswa melini na kwenye pikipiki unajitenga, chembe nzito juu na laini chini au kinyume chake. Tikisa kopo kabla ya kuchota. Na wale wa kumimina unga mkavu mdomoni na kusukumia na maji mbele ya kamera, wanaweza kuuvuta mapafuni. Sina la kuongeza.

Lipi kwa nani

Kama hujawahi kupima presha, hatua ya kwanza iko duka la dawa lenye kipimo, kabla ya duka la makopo. Presha haiumi. Wapo wanaonyanyua kilo mia huku wakiwa nayo na hawajui, na unga mkali ndio njia mbaya zaidi ya kuigundua. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia dawa za sonona au za presha, na aliye chini ya miaka 18: kopo jeusi si lenu, na la bluu ni baada ya daktari. Ukishakunywa ukasikia kifua kinabana, mapigo yanaruka ruka au giza linaingia machoni, acha chuma chini uende hospitali, na uende na kopo.

Anayeanza tizi miezi hii hahitaji hata moja kati ya haya yote. Nguvu zake zinapanda zenyewe kila wiki, pesa hiyo ale mayai na maharage.

Anayefanya mazoezi alfajiri, ana kilo 65 na kuendelea, na anataka kitu cha kumwamsha: kahawa, au skupu moja ya wastani siku mbili tatu kwa wiki, akianza na nusu skupu mara ya kwanza ili ajue mwili wake unasemaje. Na kreatini pembeni kila siku.

Anayefanya jioni: usio na kafeini, au asinywe kitu. Akishindwa, nusu skupu ya wastani, kwa tahadhari.

Unga mkali nimeutafutia mtu wake kwa nia njema. Namwona mzoefu, mzito, presha nzuri, anafanya tizi asubuhi, hashindani popote, na ana siku moja kwa wiki ya kujaribu uzito mkubwa. Hata huyo atafute lebo inayotaja kila kitu kwa kiasi chake na isiyo na yohimbini. Akishaipata, atakuta anachonunua ni unga wa wastani ulioongezwa kafeini, na angeweza kuongeza kikombe cha kahawa.

Kwa bei hesabu ilikuwa hivi siku ile. Kopo jeusi elfu 120 kwa skupu 30, yaani elfu nne kila ukichota. La bluu elfu 105 kwa skupu 30, elfu tatu na mia tano. Vikombe vitatu kwa mzee, mia sita, na stori juu.

Kijana ana kilo 72 na hufanya tizi saa kumi na mbili jioni. Nilimwambia nusu ya bluu, Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine maji. Alilirudisha jeusi jioni ileile, akanitumia picha. Juzi nikamwona anakoroga chupa yake pale kwenye sinki, nikahesabu: skupu mbili. "Kaka, moja siisikii," akasema. Mbili za 175 ni 350, kafeini ileile ya kopo jeusi, na la bluu linamwishia baada ya mara 15.